Fuata Mshipa Kabla ya Kutaja Jina: Namna ya Kujifunza Kusoma Anatomia Kwenye Skani

Swali lililonifungua macho niliulizwa nikiwa na miezi minne tu katika chumba cha kusomea picha. Kwenye skrini kulikuwa na mkato mmoja wa tumbo, skani ya CT (eksirei zinazounganishwa na kompyuta kuwa picha za mwili uliokatwa vipande vyembamba), na mwalimu wangu alikuwa ameweka kishale juu ya duara la kijivu lililokaa kushoto kwa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, upana wake kama kidole gumba. Nilikuwa nimekesha na atlasi wiki nzima. Nikajibu bila kusita: "Tezi ya limfu, Daktari. Imevimba."

Hakunipinga. Alinisogezea kipanya akasema, "Jina weka pembeni. Niambie kimetoka wapi na kinakwenda wapi."

Nikazungusha gurudumu la kipanya kushuka chini. Tezi ya limfu ina umbo la punje ya haragwe: huanza, hunenepa, huisha, yote ndani ya mikato michache. Hiki hakikuisha. Kilishuka sambamba na aota, kikakata kona, kikapita mbele yake kuelekea kulia, na huko kikaungana na utumbo ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeutambua. Ilikuwa duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, sehemu yake ya nne, ikiwa tupu, bila hewa wala dawa ya kontrasti (ile inayong'arisha picha) ndani yake. Lakini jioni iliyotangulia nilikuwa nimeshaandika maelezo ya awali, na wodini yalikuwa yameshasomwa. Mgonjwa alilala usiku ule akijua ana "tezi za kutia shaka" tumboni. Asubuhi nilikwenda mimi mwenyewe pamoja na daktari wake kumweleza. Sijasahau alivyoshusha pumzi.

Tangu siku hiyo nafundisha kwa njia moja. Jina huja mwisho. Kwanza unakishika kitu, unakifuata mkato kwa mkato mpaka kinapoanzia na mpaka kinapoishia, kisha ndipo unakiita. Anayekariri picha moja moja za atlasi atazijua picha hizo tu. Mgonjwa wa kesho akiwa mwembamba zaidi, au amepinda kidogo mezani, atapotea. Anayejua kufuata hapotei, kwa sababu mishipa, mirija na utumbo vimeungana, na ukishika kimoja kitakupeleka kwa jirani yake. Nawaandikia wanafunzi wa udaktari na wa radiolojia, na madaktari vijana ambao usiku wanafunguliwa skani na hakuna wa kuwasaidia.

Simama miguuni pa mgonjwa

Mkato wa kukingama, ule unaoitwa aksiali, unatazamwa kana kwamba mgonjwa amelala chali nawe umesimama miguuni pake ukichungulia kuelekea kichwani. Kwa hiyo kulia kwake kuko kushoto kwa skrini. Uti wa mgongo uko chini ya picha, kitovu kiko juu. Ini litakaa kushoto kwa skrini, bandama na mfuko wa tumbo kulia.

Wanafunzi wangu huniona nasumbua, lakini siruhusu mtu aseme "kushoto" peke yake. Sema "kushoto kwa mgonjwa", kwa sauti, kila mara, hata ukiwa peke yako. Baada ya wiki tatu ulimi unazoea na jicho linaufuata. Kisha jizoeze kutafuta alama ya upande iliyoandikwa kwenye picha kabla hujatazama kiungo chochote. Usilitegemee ini likuambie upande: wako watu ambao viungo vyao vyote vimekaa upande wa pili, jambo linalokadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 10,000 hivi, na ziko picha zinazogeuzwa kwa makosa wakati wa kuhamishwa.

Nitakaposema kulia na kushoto kuanzia hapa, ni kwa mgonjwa.

Kijivu kina namba

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 yeye na Allan Cormack walipewa Tuzo ya Nobel. Kilichobaki mikononi mwetu kila siku ni mizani inayobeba jina la Hounsfield, na ukiielewa mizani hiyo utakuwa umeelewa nusu ya unachokiona.

Kila nukta ya picha ya CT ni namba. Maji yamepewa 0, hewa -1000. Mafuta yako karibu na -100. Misuli na viungo kama ini na bandama, kabla ya dawa ya kontrasti, viko kati ya 40 na 60 hivi. Damu mbichi iliyoganda hupanda hadi 60 au 80, ndiyo maana hung'aa zaidi kidogo kuliko ubongo unaoizunguka. Mfupa huanzia mamia kadhaa na kuendelea hata kupita 1000.

Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha maelfu ya vivuli kwa pamoja. Kwa hiyo tunafungua "dirisha": tunachagua sehemu ndogo ya mizani, tunaitandaza kutoka nyeusi hadi nyeupe, na kilichobaki tunakiacha kizame. Dirisha la tumbo mara nyingi lina upana wa 400 na kitovu chake, yaani namba ya katikati, ni 40. Piga hesabu mwenyewe: chochote chini ya -160 ni cheusi tii, chochote juu ya 240 ni cheupe pe, na katikati ndiko ini, figo na kongosho vinakoachana. Dirisha la ubongo ni jembamba zaidi, upana 80 na kitovu 40, yaani kutoka 0 hadi 80 tu. La mapafu ni pana, 1500, na kitovu chake kiko huko chini kwenye -600.

Fanya jaribio hili leo. Chukua mkato mmoja wa kifua, usawa wa moyo. Kwenye dirisha la tumbo mapafu ni mashimo mawili meusi, hayana kitu. Badilisha uweke dirisha la mapafu: ghafla mashimo yale yanajaa matawi, mishipa inatoka katikati na kugawanyika mpaka inakuwa uzi, na kando ya kila ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) kuna bomba dogo la hewa linalosindikizana nayo. Moyo wenyewe sasa umekuwa bonge jeupe lisilo na vyumba. Weka dirisha la mifupa, na ubavu uliokuwa mweupe mtupu unaonyesha ganda lake na uboho wake, na kama una ufa, ufa unaonekana. Mkato ni ule ule. Nimeona ripoti nzuri za tumbo zilizokosa mbavu zilizovunjika kwa sababu msomaji hakubadilisha dirisha.

Mafuta nayapenda kuliko kitu kingine chochote kwenye skani. Ndiyo yanayotenganisha kiungo na kiungo, kama nafasi nyeupe kati ya maneno kwenye ukurasa. Mgonjwa mwembamba sana ni mgumu kusoma, kwa kuwa viungo vyake vimegandamana. Ukianza kujifunza, tafuta skani za watu wenye mafuta ya kutosha tumboni; utajisaidia sana.

Kuna mitego miwili ya kijivu ambayo lazima uijue mapema. Wa kwanza ni unene wa mkato. Mkato wa milimita 5 ukipita nusu kwenye ncha ya figo na nusu kwenye mafuta, kompyuta itakupa wastani wa vyote viwili, na utaona doa lenye kingo za ukungu ambalo halipo. Fungua mikato ya milimita 1 utazame tena. Wa pili ni muda wa kontrasti. Sekunde 25 hadi 35 baada ya kuanza kuchoma dawa, aota na matawi yake vinawaka huku vena nyingi (mishipa inayorudisha damu moyoni) zikiwa bado hafifu; karibu na sekunde 70, ini na vena porta, inayopeleka damu ya utumbo kwenye ini, ndivyo vinavyong'aa. Katika picha za mapema vena za figo hurudisha damu yenye dawa na kuimwaga ndani ya vena kava ya chini, vena kubwa ya kurudisha damu moyoni kutoka chini, ambayo damu yake kutoka miguuni bado haina dawa. Damu mbili hizo zinapochanganyika, ndani ya mshipa hutokea wingu jeusi ambalo mgeni ataliita damu iliyoganda. Nenda mikato michache juu: wingu linayeyuka na mshipa unakuwa wa rangi moja. Hapo tena, kufuata ndiko kulikokuokoa.

Kifua: anza na shimo jeusi

Anza shingoni. Trakea, bomba kuu la hewa, ni duara jeusi lililo katikati, huwezi kulikosa. Liweke chini ya kishale na ushuke nalo. Nyuma yake kuna kitu bapa, cha kijivu, wakati mwingine kina tone la hewa: huo ni umio. Usiuache. Wanafunzi wengi huufahamu umio shingoni, wakaupoteza njiani na kuukuta tena tumboni. Shuka nao mpaka kwenye kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, kila siku, mpaka mkono uzoee.

Juu kidogo ya tao la aota utakutana na duara tano. Mbili za mbele ni vena, tatu zilizokaribia trakea ni ateri. Ukijaribu kukariri nafasi zao utachanganyikiwa, kwa sababu kwa wazee mishipa hii hujipinda. Fanya kinyume: shuka mpaka kwenye tao lenyewe, ambalo limelala kama ndizi kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto, kisha panda. Kutoka mgongoni mwa tao huchipuka matawi matatu kwa mpangilio: la kwanza ni ateri ya brakiosefaliki, ambayo huko juu itagawanyika kwenda mkono wa kulia na upande wa kulia wa shingo, la pili ni karotidi ya kushoto, la tatu, la nyuma kabisa, ni la mkono wa kushoto. Kwa baadhi ya watu mawili ya kwanza hutoka kwenye shina moja. Ukiwa umefuata, hilo halitakushtua, utaliona likitokea.

Vena nazo zifuate kushuka. Ya kushoto hukatiza mbele ya matawi yale ya aota, inakwenda kulia kuungana na mwenzake, na hapo vena kava ya juu inazaliwa.

Chini ya tao, ndizi inakatika na kuwa duara mbili: aota inayopanda, mbele, na inayoshuka, nyuma, kushoto kwa uti wa mgongo. Trakea inagawanyika karibu na usawa wa pingili ya 4 na ya 5 za kifua. Kisha unaona shina la ateri za mapafu kushoto kwa aota inayopanda. Tawi la kushoto ndilo linalotokea kwanza unaposhuka, kwa kuwa liko juu zaidi. La kulia linapita nyuma ya aota inayopanda. Ukiliona hilo mara moja likipita nyuma ya aota kama mkono unaozunguka mgongo wa mtu, hutalisahau.

Moyo wenyewe huwachanganya watu kwa sababu ya majina. "Moyo wa kulia" na "moyo wa kushoto" yanamfanya mtu afikiri vyumba vimepangwa bega kwa bega. Kwenye mkato utaona ventrikali (chumba cha chini) ya kulia iko mbele kabisa, imeegemea mfupa wa kidari. Atiria (chumba cha juu) ya kushoto iko nyuma kabisa, katikati, na mgongoni mwake kuna umio. Nikiwa na mwanafunzi mpya namwomba afuate damu kama anavyosafiri abiria: aingie na vena kava ya juu, atue kwenye atiria ya kulia, avuke kwenda ventrikali ya kulia, apande na ateri za mapafu, arudi na zile vena nne za mapafu mpaka atiria ya kushoto, ashuke ventrikali ya kushoto, atoke na aota. Safari hiyo yote inapatikana kwa gurudumu la kipanya, ndani ya dakika tano. Aliyeifanya mara ishirini hahitaji tena kuulizwa chumba gani ni kipi.

Tumbo: aota ni barabara kuu

Hapa ndipo nilipokosea mimi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wanafunzi.

Ingia na aota kupitia kiwambo. Usiiache. Karibu na pingili ya 12 ya kifua hutoka mbele yake shina la siliaki, fupi, ambalo mara nyingi hugawanyika kwenye mkato mmoja likafungua mabawa mawili kama ndege anayeruka: bawa la kulia linaelekea ini, la kushoto linaelekea bandama. Shuka kidogo tu, usawa wa pingili ya 1 ya kiuno, utapata tawi la pili likitoka mbele vile vile, lakini hili halifungui mabawa. Linashuka wima mbele ya aota, nukta ndogo ya mviringo iliyovikwa kola ya mafuta. Ni ateri ya mesenteri ya juu, inayolisha utumbo. Ishike nukta hiyo, kwa sababu vitu vingi vinapangika kuizunguka.

Kulia kwake kuna duara kubwa zaidi kidogo: vena ya mesenteri ya juu. Vena kulia, ateri kushoto. Ukikuta zimebadilishana nafasi, simama ujiulize kama utumbo wa mtu huyu ulijizungusha sawasawa alipokuwa tumboni mwa mama yake.

Sasa tazama nafasi kati ya nukta ile na aota. Ni pembe nyembamba, na ndani yake wanapita wawili: juu, vena ya figo ya kushoto ikienda kumwaga kwenye vena kava, chini yake, sehemu ya tatu ya duodeni ikivuka kutoka kulia kwenda kushoto. Ni ile ile iliyonipa aibu, muda mfupi kabla haijapanda kushoto kwa aota. Kwa watu wachache vena hiyo ya figo hupita nyuma ya aota, na daktari wa upasuaji anahitaji kuambiwa hivyo kabla hajashika kisu.

Kongosho wengi hulitafuta kwa umbo lake, na kwa mtu mzee aliyekonda hawalipati. Litafute kwa mshipa wake. Nenda kwenye lango la bandama, ishike vena inayotoka pale, ufuate safari yake kuelekea katikati. Kilicholala mbele ya vena hiyo ni mkia na kiwiliwili cha kongosho. Inapofika kuungana na vena ya mesenteri ya juu, uko nyuma ya shingo ya kongosho, na hapo ndipo vena porta inapoanza. Kichwa cha kongosho kiko kulia na chini zaidi, kimekumbatiwa na duodeni, na kipande chake cha mwisho hujipenyeza nyuma ya vena ya mesenteri. Nilipoonyeshwa njia hii nilirudia skani zote nilizokuwa nimeshindwa kuliona kongosho, na katika zote lilikuwepo, palepale mbele ya vena.

Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo: ya kulia iko nyuma ya vena kava ya chini, kimstari chembamba, ya kushoto ina umbo la herufi Y iliyogeuzwa. Figo ya kulia huwa chini kidogo ya ile ya kushoto. Aota inagawanyika mbele ya pingili ya 4 ya kiuno, na vena kava inaundwa chini kidogo ya hapo, kwenye ya 5. Ini lina vena zake tatu zinazokusanyika juu karibu na kiwambo, na vena porta inayoingilia chini; kwa mishipa hiyo ndivyo linavyogawanywa vipande 8, kwa mpango wa Mfaransa Claude Couinaud. Jifunze vena tatu kwanza. Namba za vipande zitakuja baadaye.

Utumbo ndio unaowatia watu woga, na kwa haki, maana ni mita kadhaa zilizojikunja ndani ya nafasi ndogo. Siri yake ni kutoanzia katikati. Anzia mwishoni, kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu huko kuna mrija mmoja tu. Panda na rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, uipitie sigmoidi inayofuata polepole, kwani hiyo hujikunja na mara nyingine utapanda na kushuka kwenye mikato ile ile. Halafu koloni ya kushoto inapanda wima kando ya ukuta hadi chini ya bandama, inakatiza mbele, inafika chini ya ini, inashuka kulia mpaka sekamu, ambayo ni mfuko usio na njia ya kupita.

Usiondoke hapo. Kwenye ukuta wa sekamu, upande wa ndani, tafuta mahali penye midomo miwili yenye mafuta: ni vali ambapo utumbo mwembamba unaingilia. Weka alama pale. Kisha shuka taratibu, sentimita chache, ukitazama ukuta ule ule. Kitachipuka kimrija chembamba kisichoingia kwenye kitu chochote, kinajikunja na kuishia hewani, yaani ndani ya mafuta. Hicho ndicho kidole tumbo. Mwisho wake butu ndio ushahidi wako. Kama "kidole tumbo" chako kina mwanzo na mwendelezo pande zote mbili, umeshika utumbo mwembamba au mshipa, rudi kwenye vali uanze upya. Nimewaona madaktari wenye uzoefu wakirudi kwenye vali mara tatu kwa mgonjwa mmoja, na kwangu hiyo ni alama ya daktari mzuri.

Kwenye ubongo, fuata maji

Kichwani kanuni ni hiyo hiyo ila unachofuata ni maji ya ubongo. Anza na vyumba viwili vya pembeni, pita kwenye tundu dogo linaloviunganisha na chumba cha tatu, ambacho ni ufa mwembamba katikati. Kuta zake za pembeni ni thalamasi. Teremka na mfereji mwembamba kwenye shina la ubongo mpaka chumba cha nne, mbele ya serebela, ubongo mdogo wa nyuma. Kisha linganisha kulia na kushoto, kila mkato. Ubongo unakupa pacha wa kila kitu bure, utumie.

Mashine nyingine

Kwenye MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei, namba za Hounsfield hazipo. Mwangaza unategemea aina ya picha. Katika T1 mafuta hung'aa na maji huwa meusi, katika T2 maji hung'aa. Kabla ya lolote, tazama maji ya uti wa mgongo au ya kwenye vyumba vya ubongo ujue uko wapi, ukikumbuka kwamba kwenye FLAIR, aina nyingine ya picha, maji hayo yamezimwa makusudi.

Altrasaundi ni tofauti kwa sababu mkato unauchagua wewe kwa mkono. Hapo mishipa ndiyo ramani yako kuliko mahali pengine popote: aota, nukta ya mesenteri, vena ya bandama, ni zile zile ulizozifuata kwenye CT. Kwa maoni yangu anayejifunza CT ya tumbo na altrasaundi kwa pamoja anafika haraka mara mbili.

Eksirei ya kifua, ambayo watu huianza kwa kuiona rahisi, mimi huifundisha baada ya CT. Mwili mzima umebanwa kwenye karatasi moja, na huwezi kuzungusha gurudumu. Lakini mtu aliyekwisha kuona kwamba atiria ya kulia ndiyo inayogusa pafu upande wa kulia ataelewa mara moja kwa nini ukingo wa moyo ukifutika upande huo, ugonjwa uko kwenye sehemu (lobu) ya kati ya pafu la kulia, iliyopakana nao, na si nyuma huko chini.

Mazoezi yenyewe

Skani za kwanza 50 ziwe za watu wasio na ugonjwa unaojulikana. Najua ugonjwa ndio unaovutia, lakini jicho lisilojua kawaida litaona ugonjwa kila mahali, kama langu lilivyoona tezi.

Chagua kitu kimoja kwa siku. Jumatatu umio, Jumanne vena porta, Jumatano ureta ya kulia kutoka figo mpaka kibofu. Kifuate kwenye skani tano tofauti. Sema kwa sauti unachopita: "mbele yangu kuna nini, nyuma kuna nini, kulia, kushoto." Ukikipoteza, usiruke, rudi mkato wa mwisho ulipokuwa na uhakika.

Kisha zima skrini, chukua penseli. Chora mkato wa usawa wa vena ya figo ya kushoto kwa kumbukumbu: duara la pingili, aota mbele yake kidogo kushoto, vena kava kulia, nukta ya mesenteri, vena ikipita katikati. Mchoro hauhitaji kuwa mzuri. Palipobaki patupu kwenye karatasi ndipo unapotakiwa kwenda kesho. Nina daftari la mwaka wangu wa kwanza, na kurasa kumi za mwanzo hazina kongosho kabisa.

Ukimaliza kwenye aksiali, fungua ule mkato wa koronali, unaomwonyesha mtu kama amesimama anakutazama, na ule wa sajitali, wa ubavuni. Programu nyingi hukuruhusu kuweka kishale mahali pamoja kwenye mikato yote mitatu. Ya bure ninayoitumia kufundishia ni 3D Slicer. Na ukitaka kuona mwili halisi kando ya skani yake, ulizia data ya Visible Human ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani: maiti ya mwanamume, ambayo data yake ilitolewa mwaka 1994, ilikatwa na kupigwa picha kila milimita 1, ile ya mwanamke ya mwaka 1995 kila theluthi ya milimita, na kuna CT na MRI za miili hiyo hiyo.

Skani za wagonjwa unaofanyia kazi usizihamishe kwenye simu yako. Kufuta jina kwenye faili hakutoshi. Mara nyingi jina na tarehe ya kuzaliwa vimechapwa juu ya picha yenyewe, na skani ya kichwa ikijengwa kwa pande tatu inatoa uso wa mtu.

Leo usiku anza na moja tu. Fungua skani ya tumbo yenye kontrasti, shika vena ya figo ya kushoto pale inapotoka kwenye figo, na uende nayo taratibu mpaka ivuke mbele ya aota na kuingia vena kava. Ukifika, rudi nayo njia ile ile mpaka kwenye figo, safari hii ukitaja kwa sauti kila unachokipita.